Kusoma vinasaba vya tembo kwenye kinyesi: kutoka porini hadi kwenye majibu

Tembo mkubwa hujisaidia mara kumi na tano au zaidi kwa siku. Kila donge linapoteleza kwenye utumbo hutoka na seli zilizobanduka kwenye ukuta wa utumbo huo, na ndani ya seli hizo mna DNA ya tembo mwenyewe. Kwa hiyo unaweza kujua ni tembo wangapi wanaopita kwenye ushoroba fulani, nani ni ndugu ya nani, na kama madume wa upande huu bado wanazalisha upande ule, bila kumdunga mnyama sindano ya usingizi. Shida ni kwamba DNA hiyo ni kidogo, imekatikakatika, na imechanganyika na ya majani na ya bakteria. Karibu kila hatua iliyo hapa chini imewekwa kwa sababu hiyo. Anayeruka hatua hulipia mwishoni, pale kompyuta inapomhesabia tembo ambao hawajawahi kuzaliwa.

Swali kwanza, alama baadaye

Alama ya vinasaba ni sehemu ya DNA inayotofautiana kati ya mnyama mmoja na mwingine, nawe una njia ya kuipima. Zipo za aina kadhaa, na hazijibu maswali yaleyale.

Kwa kutambua tembo mmoja mmoja, undugu na uzazi, alama zilizozoeleka ni mikrosatelaiti: mahali ambapo herufi chache za DNA hujirudia mfululizo, kwa mfano CACACA. Idadi ya marudio hutofautiana, na kila urefu huitwa aleli. Tembo hupata aleli moja kwa mama na moja kwa baba. Ukipima alama kumi unapata jozi kumi za namba, na jozi hizo kwa pamoja ndizo utambulisho wake. Alama za tembo wa Afrika zimeshachapishwa nyingi, hivyo huna haja ya kutengeneza mpya. Chagua zenye urefu usiozidi herufi 200 hivi, kwa kuwa DNA ya kwenye kinyesi imevunjika na vipande virefu havipatikani. Pia pendelea zinazorudia herufi nne nne, kama LaT08 na LaT13 zilizotengenezwa kwa ajili ya tembo wa savana. Zile za herufi mbili mbili huzaa vilele vya ziada kwenye grafu ya mashine inayopima urefu, na msomaji aliyechoka huvidhania kuwa aleli.

DNA ya mitokondria ni rahisi kuipata kwa sababu seli moja ina nakala zake nyingi, lakini hurithiwa kwa mama peke yake. Tembo jike hubaki na ukoo wake maisha yote, dume huondoka akishabalehe. Ukitumia mitokondria tu unaweza kuona makundi mawili yaliyotengana kabisa, ilhali madume wanavuka na kupanda kila mwaka. Tena wapo tembo wa savana wenye mitokondria ya tembo wa msituni, alama ya kuchanganyika kwa zamani, kwa hiyo usiitumie peke yake kuamua tembo uliyempata ni wa spishi ipi.

Aina ya tatu ni SNP, yaani mahali ambapo herufi moja imebadilika. Uzuri wake ni kwamba matokeo ya maabara moja yanalingana na ya nyingine bila ubishi, na vipande vinavyohitajika ni vifupi. Ila usijaribu kusoma jenomu, yaani DNA yote, kwa kuikatakata na vimeng'enya, kama inavyofanywa kwa damu au nyama. Sehemu kubwa ya DNA iliyo kwenye kinyesi si ya tembo, nawe utalipia kusoma bakteria. Tumia seti ya SNP zilizochaguliwa tayari, zinazonaswa kwa praima zake, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyojishika pembeni mwa sehemu unayoitafuta.

Kabla ya kuagiza chochote, fikiria muda. Kizazi kimoja cha tembo ni kama miaka 25. Tembo wa Selous, kusini mwa Tanzania, walishuka kutoka karibu 110,000 mwaka 1976 hadi kama 13,000 mwaka 2013, na hiyo ni chini ya vizazi viwili. Tembo 13,000 bado wamebeba sehemu kubwa sana ya aleli za wale waliotangulia. Anayekwenda kutafuta upotevu wa uanuwai wa vinasaba pale anaweza kurudi na jibu kwamba mambo ni shwari, na jibu hilo likatumika vibaya. Ndivyo ilivyo kwa ushoroba uliozibwa miaka 20 iliyopita, kwa mfano mashamba yalipofunga njia kati ya milima ya Udzungwa na Selous kwenye bonde la Kilombero. Kipimo cha FST, kinacholinganisha wingi wa kila aleli kati ya maeneo mawili, hakitastuka upesi hivyo. Kwa swali la sasa hivi tafuta tembo mmoja mmoja, si wastani: tembo yuleyule aliyeokotwa pande zote mbili, au baba upande mmoja na mtoto upande wa pili.

Vibali

Tanzania utapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), Kenya NACOSTI (tume ya sayansi), WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na KWS (shirika la wanyamapori), kisha mamlaka ya hifadhi yenyewe. Anza miezi kadhaa kabla. Kinyesi kilichookotwa bila kumgusa mnyama hakimo kwenye masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, lakini hilo halifuti kibali cha nchi cha kusafirisha sampuli za kibaiolojia, cheti cha daktari wa mifugo, wala makubaliano ya matumizi ya sampuli ambayo nchi hudai chini ya Itifaki ya Nagoya, inayohusu kugawana faida za rasilimali za vinasaba. Kama kuna maabara nchini inayoweza kuchimbua DNA, fanyia kazi hiyo humo, usafirishe DNA badala ya kinyesi. Utapunguza uzito wa mizigo.

Porini

Toka alfajiri, na utoke kiangazi. Unatafuta kinyesi kisichozidi saa 24, na bora zaidi ni cha usiku huohuo. Donge zuri linang'aa: limefunikwa na utando mwembamba wa ute, ni bichi likiguswa, na harufu yake bado kali. Likiwa limepauka, limepasuka juu, au mbawakawa wamekwisha kulitawanya, lipite. Mvua ya dakika kumi huosha ule ute ambao ndio uliokuleta, na jua la mchana huivunja DNA kwa mionzi yake. Donge lililokuwa chini ya kivuli tangu asubuhi linaweza kufaa kuliko jipya lililokaa juani.

Chukua kwenye ngozi ya nje tu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu mkono hupenda kuchota kinyesi kingi kutoka katikati. Katikati kumejaa nyuzi za majani na kemikali za mimea zinazozuia PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana) kufanya kazi, na seli za tembo ni chache mno. Vaa glavu mpya, shika kijiti kipya cha mbao, kisha kwangua utando wa juu sehemu tatu au nne za donge lilelile, kina kisichozidi nusu sentimita, mpaka upate kama gramu tano. Upande uliogusa udongo uache. Kijiti na glavu vinaingia kwenye mfuko wa taka. Havirudi mfukoni hata kama vinaonekana safi.

Kundi likipita, vinyesi hukaribiana, na wakati mwingine donge la mama hulalia la mtoto. Chukua donge moja tu kwa kila rundo, lililo peke yake, lisilogusana na jingine. Sampuli yenye DNA ya tembo wawili itaonyesha aleli tatu kwenye alama moja, nawe hutakuwa na njia ya kuitenganisha. Pima pia mzunguko wa madonge matatu yaliyo mazima kwa futi kamba, maana ukubwa wa donge hukua na umri. Baadaye, ukikuta sampuli mbili zenye vinasaba sawa lakini moja ina sentimita 25 na nyingine 45, utajua kuna lebo iliyobadilishana.

Lebo iandikwe kwa penseli. Ethanoli huyeyusha wino wa maka peni, hata ule unaodai haufutiki, na chupa moja ikivuja ndani ya boksi hufuta majina ya majirani zake wote. Andika namba ileile ubavuni mwa chupa na kwenye karatasi ndogo ndani yake. Kwenye mfuniko usiandike peke yake, kwa sababu mifuniko hubadilishana siku ya kufungua. Daftarini weka namba, tarehe, saa, GPS, hali ya kinyesi, kivuli au jua, na idadi ya marundo yaliyokuwa karibu.

Kuhifadhi bila umeme

Njia mbili zinafaa kambini. Ya kwanza ni ethanoli kisha silika: weka zile gramu tano kwenye mililita 30 za ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, tikisa, acha saa 24 hadi 36. Mwaga ethanoli, hamishia kinyesi kwenye chupa yenye silika jeli kama gramu 30, na kitambaa cha shashi au karatasi ya kuchujia katikati ili visigusane. Silika inayobadilika rangi ndiyo ya kununua, ikigeuka, ibadilishe. Spiriti ya dukani iliyotiwa rangi isitumike, kwa kuwa vitu vilivyoongezwa humo huweza kuvuruga kazi ya maabara.

Ya pili ni myeyusho wa DMSO na chumvi, ambao hauwaki moto, hivyo hausumbui kwenye usafiri. Kwa lita moja: EDTA yenye sodiamu mbili gramu 93, Tris gramu 12, DMSO mililita 200, maji safi, na chumvi ya maabara mpaka ibaki chini bila kuyeyuka. EDTA haitayeyuka ukiimwaga tu majini. Ianze na mililita 600 za maji, koroga huku ukiongeza hidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo. pH ikikaribia 8 utaona maji yanakuwa angavu. Ndipo utie Tris, ushushe pH ifike kati ya 7.5 na 8, utie DMSO, ujazie maji, na chumvi iwe ya mwisho. Tumia myeyusho mara nne ya ujazo wa kinyesi na hakikisha kimezama chote. DMSO hupenya ngozi na kuingia pamoja na chochote kilicho juu ya ngozi, kwa hiyo glavu si hiari.

Kwa vyovyote, weka mbali na joto la gari. Boksi lililosahaulika nyuma ya Land Cruiser mchana kutwa limewahi kumaliza safari nyingi.

Maabara

Kabla ya kukusanya mamia, peleka sampuli 20 hadi 30 za majaribio. Zijaribu kwa alama tatu au nne. Chini ya nusu zikitoa majibu, rekebisha ukusanyaji au uhifadhi kwanza. Pesa ya maabara haitafidia.

Chumba cha kuchimbulia DNA kisiwe kile kinachofunguliwa mirija ya PCR iliyokwisha kazi. Mrija mmoja wa PCR una mabilioni ya nakala za kipande unachokitafuta, na tone lisiloonekana kwa macho linatosha kuzipa sampuli zote aleli za jana. Futa meza kwa jiki iliyozimuliwa moja kwa kumi, tumia ncha za pipeti zenye chujio, na katika kila sampuli kumi au kumi na mbili tia mrija mmoja usio na kinyesi. Mrija huo ukitoa jibu, kundi zima linarudiwa.

Tumia seti ya kemikali (kit) ya kuchimbulia DNA iliyotengenezwa kwa ajili ya kinyesi, si ya damu, kwa sababu hiyo ndiyo yenye hatua ya kuondoa vizuizi vya PCR. Chukua miligramu 200 za kile ulichokwangua, uache nyuzi ndefu, na mwishoni itoe DNA kwa mikrolita 100 badala ya 200 ili isiwe nyepesi mno.

PCR ya mikrolita 10 inaweza kuwa hivi: mchanganyiko wa kiwandani wa nguvu mara mbili, mikrolita 5, mchanganyiko wa praima zenye mikromola 2 kila moja, mikrolita 1, BSA ya miligramu 4 kwa mililita, mikrolita 1, maji mikrolita 1, DNA mikrolita 2. BSA ni protini inayoshika vizuizi vilivyobaki. Anza na nyuzi 95 kwa dakika 15, kisha mizunguko 40 hadi 45 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 57 hadi 60 sekunde 90, nyuzi 72 dakika 1, na umalize na nyuzi 60 kwa dakika 30. Dakika hizo 30 za mwisho usizikate. Ndizo zinazofanya vipande vyote vimalizike kwa urefu mmoja. Bila hizo kila aleli hutoa vilele viwili vilivyopishana kwa herufi moja.

Sampuli ikikataa, izimue mara kumi na ujaribu tena. Ikikubali ilipozimuliwa, tatizo lilikuwa vizuizi. Ikikataa vyote, haina DNA ya kutosha. Iache, usiisukume kwa mizunguko 60.

Jinsia hupimwa kwa jozi tatu za praima pamoja: mbili za kromosomu Y, SRY na AMELY, na moja ya X, PLP1. Dume hutoa mistari mitatu, jike mmoja. PLP1 ipo kwa ajili ya kukuthibitishia kwamba PCR ilifanya kazi, vinginevyo kila mrija uliofeli ungehesabiwa jike.

Kurudia, ambako ndiko kazi ilipo

DNA ikiwa kidogo, PCR inaweza kunasa aleli moja na kuikosa ya pili. Tembo mwenye 152 na 160 anasomeka 152 na 152. Tuseme hilo hutokea mara 20 katika PCR 100. Ukipima mara moja, umekosea kwa 0.2. Ukipima mara tatu na kudai zote tatu zikubaliane, aleli ileile lazima ipotee mara tatu. Kila aleli hupotea kwa 0.1 (nusu ya 0.2), hivyo ni 0.1 kwa 0.1 kwa 0.1, mara mbili kwa kuwa aleli ni mbili, yaani 0.002. Kwa alama kumi ambazo zote zina aleli mbili tofauti, ni karibu sampuli 2 zenye kosa katika 100. Hapo pazuri. Lakini sampuli mbovu inayopoteza aleli mara 40 katika 100, ukiipima mara tatu vilevile, kosa ni 0.016 kwa alama, na kwa alama kumi karibu sampuli 15 katika 100 zitakuwa na utambulisho wa uongo. Ndiyo maana sampuli mbovu hutupwa. Kuirudia mara tatu tu hakuiponyi.

Kanuni ya kufuata: aleli mbili tofauti zikubaliwe zikionekana zote mara mbili au zaidi, alama yenye aleli moja tu ikubaliwe baada ya mara tatu zinazofanana, na zaidi kwa sampuli dhaifu. Sampuli iliyokamilisha chini ya robo tatu ya alama itoke kwenye hesabu.

Mashine tofauti husoma urefu kwa tofauti ya herufi moja au mbili, kwa hiyo beba sampuli tatu au nne zinazojulikana katika kila sahani ya PCR. Bila hizo, data ya mwaka jana na ya mwaka huu hazitaunganika, na data za maabara mbili ndiyo kabisa.

Kutoka namba hadi tembo

Kwanza jiulize kama alama zako zinatosha kutenganisha ndugu. Tumia kipimo cha uwezekano wa ndugu wawili wa baba na mama mmoja kufanana, si kile cha wanyama wasiohusiana, kwa sababu kundi la tembo ni ukoo. Kama kila alama ina uwezekano wa 0.4, alama tano zinakupa 0.01 na kumi zinakupa 0.0001. Kwa tembo mia chache, tano ni kamari. Programu ya GenAlEx au GIMLET itakufanyia hesabu hiyo na kutafuta sampuli zinazofanana.

Jozi zinazotofautiana kwenye alama moja au mbili zichunguze moja moja ukiwa na grafu mbele yako. Nyingi ni tembo mmoja aliyepoteza aleli. Ukiziacha, hesabu huvimba haraka: ukiwatambua tembo 60 msimu wa kwanza, 60 wa pili, na 20 wakajirudia, makadirio ni 60 mara 60 gawanya kwa 20, tembo 180. Makosa yakificha watano kati ya hao 20, unapata 240. Tembo 60 wa hewa, na hakuna atakayewaona isipokuwa kwenye ripoti.

Kisha pima Hardy-Weinberg, yaani kama aleli zimechanganyika kama zinavyotarajiwa wanyama wakizaana bila kubagua. Alama moja ikikosa heterozaigoti (tembo wenye aleli mbili tofauti) katika maeneo yote, shuku praima isiyoshika aleli fulani, uiondoe. Alama zote zikikosa katika eneo moja, ama sampuli za hapo ni mbovu, ama umechanganya makundi mawili bila kujua.

Programu ya STRUCTURE, inayogawa sampuli kwenye makundi ya vinasaba, hupendwa kwa sababu ya picha zake za rangi, na ndiyo inayodanganya wengi. Endesha K, yaani idadi ya makundi, kuanzia 1 hadi 8 hivi, mara 10 kwa kila K, hatua 100,000 za kupasha moto na 500,000 za kukusanya. Kipimo cha delta K hakiwezi kamwe kukupa jibu la kundi moja, kwa hiyo tazama pia thamani za uwezekano za kila K. Ukoo mmoja uliookotwa mara nyingi hujitenga kama kundi; bakisha mmoja au wawili kwa kila ukoo na uendeshe tena. Na tembo waliotawanyika kwenye eneo refu, kila mmoja akifanana na jirani yake, hugawanywa vipande hata kama hakuna mpaka wowote ardhini. Chora kwanza umbali wa vinasaba dhidi ya umbali wa kilomita. Kwa ulinganisho wa maeneo, tembo 25 hadi 30 kila eneo wanatosha kwa mikrosatelaiti.

Ukitaka kufanya hivi kwa mimea

DNA ipo tele, hivyo kurudiarudia hakuhitajiki sana. Balaa ni kemikali. Majani ya mikoko yana tanini na sukari nzito zinazogeuza DNA kuwa kamasi ya kahawia. Chukua majani machanga, yakaushe kwa silika yenye uzito mara kumi ya jani siku hiyohiyo, na utumie njia ya CTAB (sabuni ya kuchimbulia DNA ya mimea) iliyoongezwa PVP, kemikali inayoshika tanini, asilimia 2. Mpingo hupukutisha majani kiangazi, hivyo msimu unaowafaa tembo haukufai. Toboa gome upate tabaka bichi chini yake. Acha mita 30 au zaidi kati ya mti na mti, maana majirani mara nyingi ni ndugu. DNA ya kloroplasti kwa mimea mingi yenye maua hutoka kwa mama, kwa hiyo inaeleza safari ya mbegu na haisemi chochote kuhusu chavua. Chukua miti mikubwa na miche kando kando: miti ilizaliwa kabla msitu haujakatwa, miche baada yake, na tofauti kati yao ndiyo inayoonyesha athari ya ukataji.

Unapoandika ripoti, taja kiwango cha aleli zilizopotea, sampuli ngapi zilitupwa na kwa nini, na alama ngapi kila tembo alizikamilisha. Weka data ya vinasaba wazi, lakini GPS za tembo zifunike kwa kuzikusanya kwenye miraba ya kilomita kumi au zaidi. Majangili nao husoma.